Hema la Bei Chee, Fahari ya Mwendesha Baiskeli

Zipo neema ambazo binadamu huzitumia maisha yake yote bila kuzishukuru, na mojawapo ni hema jepesi la bei chee: lile linalokunjwa likaingia mfukoni mwake, likafungwa kwenye keria ya baiskeli kwa mpira wa tyubu kuukuu, likasafiri na mwenyewe kutoka Pongwe hadi pale litakapomkwamisha. Baiskeli yenyewe imekwisha kusifiwa vya kutosha. Tanga yote inajulikana kwa baiskeli zake, na hakuna mwenyeji anayehitaji kuambiwa faida zake. Chandarua kimepata mabango na kampeni za serikali. Hema la bei chee halijapata hata neno la heri. Nimeona ni wajibu wangu kulitendea haki, kwa kuwa wanaolidharau ni wengi, na wote wanalo.

Naam, wote wanalo. Hili ni jambo ambalo kila mmoja analijua na hakuna anayethubutu kulitamka barazani. Ingia nyumba yoyote ya mpenda baiskeli, kuanzia Ngamiani hadi Pongwe, chungulia mvunguni mwa kitanda, nawe utaliona limelala pale ndani ya mfuko wake uliokatika kamba, upande mmoja ukiwa bado na unyevu wa safari iliyopita. Mwenye nyumba atakuambia ni la shemeji yake. Usimbishie. Shemeji naye, ukimuuliza, atasema ni la jirani. Mapenzi ya hema la bei chee ni mapenzi ya siri, na mapenzi ya siri huwapata zaidi watu wenye heshima zao.

Historia ya jambo hili ilianza vizuri, ikaharibiwa na fundi cherehani. Mwingereza Thomas Hiram Holding, mshona nguo wa London, ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa safari za baiskeli na hema. Mwaka 1898 alichapisha kitabu cha safari yake ya Connemara, magharibi mwa Ireland. Mwaka 1901 kikaundwa chama cha wapiga kambi wa baiskeli. Na mwaka 1908 akatoa kitabu kikubwa cha mwongozo wa kupiga kambi. Ni mtu wa kuheshimiwa. Lakini kwa kuwa alizoea kushona, aliingiwa na wazo kwamba mshono ni wa kuzuia maji, na kwamba hema jepesi halina budi pia kumweka mkavu aliyemo. Wazo hilo limewatia watu gharama kwa zaidi ya miaka 100. Ilibidi viwanda vya zama zetu vije kutukomboa, vikatupa wepesi alioutafuta Holding bila kutubebesha masharti yake.

Mtengeneza baiskeli wa Marekani, Keith Bontrager, anajulikana kwa kanuni moja ambayo mafundi wengi wameikariri: kifaa kinaweza kuwa imara, kinaweza kuwa chepesi, kinaweza kuwa cha bei nafuu; chagua mawili. Wapo wanaoichukua kanuni hii kuwa onyo. Mimi naichukua kuwa faraja. Hema letu limekwisha kufanya uchaguzi huo kwa niaba yetu tangu kiwandani: limechukua wepesi, limechukua unafuu, na uimara limewaachia wanyonge wasioweza kupata usingizi mpaka wazungukwe na kitu kilichosimama.

Basi hema la namna hii huchaguliwaje? Kwanza, huchaguliwa likiwa limefungwa. Muuzaji mstaarabu hapendi lifunguliwe dukani, na mnunuzi mstaarabu haombi. Mtu anayetaka kulisimamisha uani kabla ya safari, akahesabu fito, akavuta zipu mara mbili tatu, akamwaga ndoo ya maji juu yake aone yanapitia wapi, huyo hatafuti hema, anatafuta ugomvi. Kila analohitaji kulijua limechapishwa kwenye mfuko: picha ya familia yenye furaha, kando ya ziwa, nyuma yao milima ya theluji. Hema lililoaminiwa penye theluji lina jambo gani la kuogopa Kigombe?

Pili, huchaguliwa kwa rangi. Mwendesha baiskeli mwoga hutafuta kijani cha majani au kahawia ya udongo, ajifiche porini. Hema letu huja na buluu upande mmoja na chungwa upande wa pili, rangi zinazoonekana kutoka mbali sana. Hekima yake ni kwamba mwenyewe ataweza kulitambua hata likiwa limekwisha kuondoka.

Tatu, huchaguliwa kwa idadi ya watu iliyoandikwa. Hema la watu wawili huwatosha watu wawili waliokwisha kusameheana kila jambo. Upana wake hauzidi sana mita moja na robo. Kila mmoja hupata nafasi ya bega lake moja, la pili akaliweka kwa mwenzake. Urefu wake ni mita mbili kwa maandishi, lakini kitambaa huteremka kichwani na miguuni, kwa hiyo humtosha vizuri mtu mzima anayekubali kujikunja. Kwa kimo hufika kifuani pa mtoto. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame, na sijui shule inayoufundisha usemi huo kwa ufanisi zaidi: mkurugenzi, mwalimu mkuu na karani wote huingia humo kwa magoti, na wote hutoka kwa kutambaa. Usawa ambao siasa zimeuhubiri kwa miongo mingi, hema hili huutimiza mlangoni.

Nne, ipo habari ya namba. Wataalamu hupima kitambaa cha hema kwa kimo cha maji ambacho kinaweza kukihimili kabla hakijapenyeza, nao hukiandika kwa milimita. Wengi wao hawaridhiki na chini ya 1,500 kwa paa, na kwa sakafu hutaka 3,000 na zaidi, wakidai kwamba goti au kiwiko cha mtu aliyelala huyakandamiza maji ya ardhini yakaingia kwa nguvu kuliko mvua yenyewe. Lebo ya hema letu husema 800, endapo inasema chochote. Hapo ndipo penye uungwana wake. Kitambaa cha 3,000 humfungia mtu nje ya maumbile. Cha 800 humkaribisha. Na pale kitambaa kinapojisahau kikazuia maji, ipo mishono. Haikubandikwa utepe kwa ndani, kila tundu la sindano limeachwa wazi, na mvua huingia kwa nidhamu, katika mstari ulionyooka, ikianzia utosini ikishuka hadi unyayoni. Kuipaka mishono hiyo gundi ni kazi ya jioni moja. Ni heshima kubwa kwa hema hili kwamba hakuna mwenyewe aliyewahi kuimaliza jioni hiyo.

Yapo pia mahema ya matabaka mawili: la ndani la wavu na kitambaa chepesi, la nje la kuzuia mvua, hewa ikipita katikati. Hayo ni ubadhirifu. Letu lina tabaka moja, na fadhila yake huonekana hasa usiku usio na mvua. Mtu aliyelala hutoa mvuke kwa pumzi na jasho. Katika hewa ya pwani ya Tanga, iliyokwisha kushiba unyevu kabla hata hajapumua, mvuke huo hauna pa kwenda ila kwenye kitambaa, ambako hugeuka maji na kumrudia mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba: ifikapo saa kumi za usiku, aliyelala kiangazi amekwisha kupata manyunyu yake, aliyoyatengeneza kwa mapafu yake mwenyewe, bila kusubiri vuli wala masika na bila kuletewa bili. Azimio la Arusha la 1967 lilitutaka tujitegemee. Katika suala la mvua, tumefika.

Nageukia safari yenyewe. Hema hili lina uzito wa kilo moja na nusu hadi mbili, na wepesi huo mwendesha baiskeli anauhisi kutoka Pongwe hadi Muheza, na kuuhisi zaidi anapopanda milima ya Usambara Mashariki kuelekea Amani. Ni kweli kwamba mwenye hema hili hubeba pia turubai la plastiki la kulifunika, lingine la kutandika chini, kamba za akiba, nguo kavu za kubadili, nguo kavu za kubadili zile zilizolowa, taulo na sifongo la kukamulia. Jumla ya mizigo hiyo huuzidi uzito wa hema zuri. Lakini hakuna mwadilifu awezaye kulilaumu hema kwa hilo. Lenyewe limebaki jepesi.

Fito zake zinastahili neno la peke yake. Katika mahema ya gharama, fito ni za alumini na hukunjwa vipande vifupi vinavyoingia begini, hata wenyeji wasijue kwamba unasafiri. Fito za hema letu ni za faibaglasi, na kila kipande kina urefu wa sentimita 60 hivi, kwa hiyo hulazwa kukingama juu ya keria zikatokeza kulia na kushoto. Wasioelewa huona usumbufu. Lakini barabara ya Tanga hadi Segera ina malori, na Pongwe ina kiwanda cha saruji kinachoyaongeza. Dereva wa lori ambaye hakuwahi kumpisha mtu wa baiskeli, akiziona fito zile zinaelekea kwenye taa yake, hutoa nafasi ya mita nzima. Sheria ya usalama barabarani imetamani jambo hilo kwa miaka mingi. Faibaglasi imelipata kwa kukingama tu.

Fito hizo huvunjika, nami sifichi. Huvunjika kwa kuchanika, zikatoa vijiti vyembamba vinavyoingia kidoleni na kukaa humo, ili mtu aikumbuke safari yake hata ofisini. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ufito ukivunjika, mwenye hema hukata mwanzi. Mwanzi ukikosekana, husimamisha baiskeli yenyewe ndani ya kitambaa, tairi juu, ikawa nguzo. Kuanzia hapo hawezi tena kuondoka hadi asubuhi, na hivyo hujifunza subira.

Sasa vigingi. Pongwe imekaa juu ya mwamba wa chokaa; bila mwamba huo saruji isingetengenezwa hapa. Vigingi vya hema letu ni waya mwembamba uliopindwa kichwa. Kigingi huingia ardhini vidole viwili, kikakutana na mwamba, kikajikunja kwa adabu. Hakigombani na jiografia. Peleka vigingi hivyo hivyo pwani, kwenye ufukwe wa Kigombe au Ushongo kusini mwa Pangani, na mchanga utavipokea vyote bila kinyongo, kisha utaviachia vyote bila kinyongo. Kwa hiyo mwenyeji wa mkoa huu amepewa uhuru kamili: juu ya mwamba vigingi haviingii, juu ya mchanga havikai, na mfuko wenyewe haukuja na idadi inayotakiwa.

Kamba za hema nazo huja fupi, na hapo ndipo linapoinua uchumi wa mkoa. Mwenyewe hana budi kununua kamba ya katani. Mkonge uliingizwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika shehena ya miche iliyotoka Florida, 62 tu ndiyo iliyonusurika, ikapandwa karibu na Pangani. Miche hiyo 62 ilisimamisha mashamba, viwanda, bandari na mji mzima wa Tanga. Wajukuu wake sasa wamepewa jukumu la kusimamisha hema moja, na hadi leo wanajitahidi.

Upepo wa kusi ukija, jitihada hizo hufikia tamati yake. Julai 1911, katikati ya baridi ya Antaktiki, Waingereza watatu, Edward Wilson, Henry Bowers na Apsley Cherry-Garrard, walipeperushiwa hema lao na dhoruba huko Cape Crozier. Dhoruba ilipotulia walilikuta mteremkoni, si mbali, likiwa karibu zima, wakaokoka. Hema lile lilisitasita. La kwetu halina tabia hiyo. Kusi huvuma kuelekea kaskazini, na hema lililong'oka Kigombe usiku hushika njia ya Kenya bila pasi wala foleni ya Horohoro. Mwenyewe hubaki chini ya nyota akiwa na begi, baiskeli na mtazamo mpana. Tanga ina sifa ya wageni wanaosema wamekuja leo na wataondoka leo, kisha wakasahau kuondoka. Hema la bei chee ndiye mgeni pekee anayetimiza ahadi hiyo.

Likibaki, hulinda afya ya jamii kwa namna yake. Zipu ya mlango, inapovutwa kufunga upande mmoja, hufunguka nyuma yake kwa mvuto ule ule, na mbu huingia kwa zamu. Wakishaingia hawatoki, maana wavu wa dirishani ni mzima. Muheza kipo kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambako wanasayansi huwachunguza mbu wa ukanda huu kwa mitego na maabara. Mwenye hema letu huwachunguza hao hao kwa mikono mitupu, tangu magharibi hadi alfajiri, na haombi posho.

Wanaopenda historia watafurahi pia. Mwanzoni mwa 1857 Richard Burton na John Speke walipanda kutoka Pangani hadi Vuga kumwona Kimweri, mtawala wa Usambara, kisha wakarudi Pangani wakapatwa na homa kali, wakachukuliwa kwa chombo hadi Unguja. Iliwabidi wasafiri kutoka Ulaya ili kuipata homa hiyo. Mwendesha baiskeli wa leo huipata kwa kutoka Pongwe Ijumaa jioni, na Jumatatu yuko zahanati. Hayo ndiyo maendeleo.

Nisisahau maadili. Kitambaa chake ni chembamba kiasi kwamba ukiwasha tochi ndani, kijiji kizima hukiona kivuli chako ukibadili shati, ukihesabu fedha, ukila peke yako chapati ulizosema zimekwisha. Viongozi wetu hutuhimiza kila siku juu ya uwazi na uwajibikaji. Hema hili limevitekeleza vyote viwili kwa kitambaa kimoja. Asubuhi nalo haliruhusu uvivu: jua la Tanga likishapanda kidogo, ndani hapakaliki, na sijapata kusikia mwenye hema la bei chee aliyelala hadi saa mbili.

Lakini fadhila kuu kuliko zote nimeiweka mwisho, na ni hii: hema la bei chee humrudisha mtu kwa watu. Chukua kijiji chochote kati ya Pongwe na Muheza, saa nane za usiku, masika. Kitambaa kimelala chini, fito zimekwisha, na mwendesha baiskeli anapiga hodi kwenye nyumba ya kwanza yenye baraza.

"Hodi! Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyelala kwenye kile kitambaa?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwani kwenu wamekufukuza?"

Hawakumfukuza, naye hueleza kwamba alitoka kwa hiari yake, kwa kujifurahisha, na bibi humsikiliza kwa huruma ile ile angempa aliyefukuzwa. Kisha hutandikwa mkeka barazani, hutolewa kanga kavu, moto hufufuliwa, chai ya mchaichai hutiwa. Wajukuu huamshwa waje kuona. Kabla ya jogoo wa pili mwenyekiti wa kijiji ameletwa, amemwuliza jina, anakotoka, anakokwenda na ukoo wake, na wamekwisha kugundua kwamba shangazi wa mmoja ameolewa kwa mjomba wa mwingine huko Maramba. Asubuhi huondoka na mihogo ya kuchemsha, machungwa ya Muheza na namba za simu za nyumba nzima.

Mlinganishe na bwana mwenye hema la matabaka mawili, fito za alumini na mishono iliyozibwa. Anapanda Amani, ambako mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Inanyesha usiku kucha. Yeye analala mkavu, anaamka saa tatu, anakunja, anashuka. Hakupiga hodi kwa mtu. Hakuna bibi anayemjua. Mwenyekiti hana jina lake popote. Amelala msituni ambako Wajerumani walijenga taasisi yao ya utafiti wa kilimo mwaka 1902, akapita pale mkavu hivyo hivyo, bila hata mafua ya kumkumbusha. Namhurumia, nami najua kwamba mvunguni mwake, nyuma ya masanduku, nalo lipo. Hulitoa usiku mkewe akisafiri, akalitazama.

Wapinzani hunijia na hoja ya fedha. Husema kitambaa hiki kikihifadhiwa na unyevu katika joto la pwani, utando wake wa ndani hunata, hubanduka, na kutoa harufu ambayo familia huitambua tangu ukumbini, hata ikabidi linunuliwe lingine, na lingine tena. Na kwamba mahema matatu ya bei chee hugharimu kuliko moja zuri. Hesabu yao ni sahihi. Lakini mwenye hema zuri alifurahi siku moja, siku ile aliyolinunua. Sisi tumefurahi mara tatu, na kila mara tumepunguziwa bei. Hunikumbusha pia kwamba rahisi huvunja upishi. Nawajibu kwamba ndani ya hema hili hakuna aliyewahi kufanikiwa kupika, kwa hiyo hakuna upishi uliovunjika.

Basi, ndugu msomaji, usione haya kwa jambo ambalo sote tunalo. Nenda sokoni kabla ya masika, maana huo ndio msimu wake. Chagua lililo jepesi kuliko yote na la bei ya chini kuliko yote; usilifungue, usiisome lebo, usihesabu vigingi. Mshukuru muuzaji na usimuulize atakuwapo hapo hadi lini. Lifunge kwenye keria, fito zikiwa zimekingama. Na ukifika kijijini, nenda kwanza kwa mwenyekiti ukajitambulishe mchana, saa za kazi. Ukimwendea saa nane za usiku atakupokea vilevile, ila kesho yake naye ana kazi.